Pizza ya chapati: kausha nyanya kwanza, mengine baadaye

Dada, simama hapo hapo! Unasema Jumamosi ni sherehe ya mwanao, huna oveni, utapaka nyanya za blenda kwenye chapati, unyunyize jibini, ufunike kikaango kwa moto mdogo. Kisha unauliza jibini gani, kitu gani cha juu, na chapati ngapi kwa kila mtoto. Jibini iache kwanza. Hizo nyanya ndizo zitakazokuharibia.

Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukizipaka mbichi ukafunika, mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unadondoka tena juu ya chapati. Unafunua unakuta katikati imelowa chepechepe. Ukiinua kipande, ncha inalegea na jibini yote inateleza sahanini. Yalinikuta mbele ya wakwe. Jibini ya bei mbaya na soseji zote zikapotea, tukaishia kuagiza chipsi. Na yule wa kwenye video niliyemfuata hasira zake ninazo mpaka leo: anafunika kikaango, picha inakatwa, mara pizza kavu imeshatokea! Watu wananunua vitu kwa pesa zao kwa kumwamini, angeonyesha kila hatua.

Kule Napoli, Italia, nyumbani kwa pizza, tanuri la kuni linapita nyuzi joto 400 za Selsiasi, pizza inaiva ndani ya dakika moja na nusu, maji yanakauka humo humo. Gesi yako na mfuniko havina ubavu huo. Maji yatoke kabla.

Kaanga nyanya na kitunguu swaumu, chumvi na mafuta kidogo, sufuria wazi, mpaka ukipitisha mwiko chini njia ibaki, rojo lisirudi kuiziba. Acha lipoe. Chapati tayari imeiva, kwa hiyo irudishe kikaangoni bila mafuta mpaka upande mmoja ukakamae. Igeuze, paka rojo upande huo mkavu, jembamba kiasi cha kuiona chapati kwa chini. Hoho, uyoga na nyama ya kusaga navyo vikaushwe motoni kwanza. Mozzarella, ile jibini laini nyeupe ya pizza, ukiipata inayouzwa ndani ya maji ichuje, uikandamize kwa kitambaa safi.

Ukiwa na jiko la mkaa, afadhali zaidi: sufuria pana, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko wa bati kama unavyopalia wali. Mfuniko ukiwa wa moto mvuke haugeuki matone ukadondoka, na jibini inayeyuka kabla chapati haijaungua chini. Kwenye gesi, funga mfuniko kwa kitambaa kikavu, ncha zake zikunjwe juu zisiguse moto.

Nyanya zikaange Ijumaa usiku, zilale kwenye friji. Asubuhi ukikuta maji yamejitenga pembeni, zirudishe motoni kabla hujagusa chapati hata moja.