Mbega wameisha au wamejificha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, wilayani Mufindi. Tunahesabu mbega katika msitu ulio jirani nasi. Awamu ya kwanza, kiangazi, tulitembea kilomita 48 tukaona makundi 14. Awamu ya pili, masika, kilomita 40, makundi 6. Ofisa mmoja anasema wamemalizwa na wawindaji wenye mbwa na magobole. Wazee wanasema wapo, ila wamekuwa wajanja. Nani tumwamini, na tuhesabu vipi?

JIBU: Marahaba. Kwa takwimu hizo peke yake, bado hamna wa kumwamini. Ukigawanya makundi kwa kilomita unapata 0.29, kisha 0.15. Inaonekana kama nusu imepotea, lakini makundi 14 na 6 ni machache mno, na tofauti ya namna hiyo yaweza kuletwa na bahati tu. Tena mmelinganisha kiangazi na masika! Kwa ukungu wa Mufindi kuna asubuhi humwoni mwenzako aliyetangulia, sembuse mbega aliye juu ya mti. Rudieni kiangazi, njia zilezile, mkianza saa moja asubuhi kwa mwendo wa kilomita moja hivi kwa saa. Mvua ikinyesha, ahirisheni.

Hoja ya wazee si porojo. Mbega anayejua mlio wa gobole hakai tawini akikutazama. Hunyamaza akaganda nyuma ya majani, au huondoka kabla hujafika. Kwa hiyo katika msitu wenye uwindaji, idadi mnayoiona imebeba mambo mawili kwa pamoja: wanyama wangapi wapo, na wana woga kiasi gani. Ukihesabu vichwa tu, huwezi kuyatenganisha.

Kinachosaidia kuyatenganisha ni umbali. Kila mnapoona kundi, simameni palepale mlipoliona mara ya kwanza. Pimeni umbali hadi katikati ya kundi, kisha kwa dira pimeni pembe kati ya njia yenu na uelekeo wa kundi. Kundi likiwa mita 40 kwa pembe ya nyuzi 30, umbali wake kutoka kwenye mstari wa njia ni 40 mara sine ya 30, yaani mita 20. Hiyo 20 ndiyo ya kuandika. Kukisia kwa macho kuna hila yake: watu hupenda tarakimu za mviringo, 10, 20, 50, na hesabu huharibika. Andikeni pia mbega walikuwa wakifanya nini mlipowaona: wanakula, wanapiga kelele, au wameshaanza kukimbia.

Sasa chora umbali wote kwenye grafu ya nguzo. Katika msitu tulivu, nguzo ndefu huwa karibu na njia, kisha zinapungua kadiri unavyokwenda mbali, maana aliye karibu huonekana kirahisi. Mkikuta nguzo za karibu ni fupi na za mbali kidogo ndizo ndefu, mbega wanawakimbia kabla hamjawaona, na wazee wana hoja. Ila grafu hiyo inahitaji makundi 60 hadi 80 ndipo iaminike, kwa hiyo kusanyeni data za misimu kadhaa ya kiangazi kabla ya kutoa kauli.

Ofisa naye msimpuuze. Katika msitu wa Uzungwa Scarp, ulioko Kilolo na huko kwenu Mufindi, watafiti walilinganisha hali yake na ya msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Uzungwa Scarp walikuta mbega, hata mbega wekundu, wamepungua vibaya, na uwindaji ukatajwa kuwa chanzo kikubwa. Jambo hilo linatokea kweli.

Kwa hiyo rekodini dalili za uwindaji kwenye njia zilezile: maganda ya risasi, nyayo za mbwa, majivu ya kambi, vitanzi. Tahadhari kuhusu vitanzi: waya uliotegwa chini unalenga zaidi funo na minde, kwa hiyo wingi wake hausemi mengi juu ya mbega. Maganda na nyayo za mbwa zina uzito zaidi kwenu.

Msikimbilie kuandika "hawapo" pia. Ikiwa kundi lililopo lina nafasi ya asilimia 30 kuonekana katika safari moja, safari tano zinaweza kulikosa kabisa kwa asilimia 17 hivi. Mkifika safari kumi, inashuka chini ya 3.

Kwa spishi adimu sana njia ni nyingine. Kipunji, aina ya kima wa milimani aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 kwenye Mlima Rungwe, alihesabiwa kundi kwa kundi, kichwa kwa kichwa. Matokeo yaliyotolewa 2008 yalikuwa wanyama 1,117 katika makundi 38, Rungwe na Kitulo pamoja na msitu wa Ndundulu katika Milima ya Udzungwa. Kazi hiyo inataka watu wengi waliozoea makundi hayo, na kwa mbega wenu siishauri kwa sasa.

Mwisho, ruhusa. Kama msitu uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), ongeeni nao mapema, na utafiti rasmi hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania). Mkihoji wanakijiji kuhusu nyama ya mbega, msiandike majina. Anayehoji asiwe yule anayefanya doria, la sivyo kila mtu atawaambia hajawahi kuionja.