Maswali na majibu: Video ya mwandishi na mvua ya bati

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu. Naandika hadithi fupi na kuziweka mtandaoni. Nimeshauriwa nitengeneze video fupi ya kujitambulisha ili nipate wasomaji. Nimejirekodi kwa simu nikiwa nimekaa mbele ya dirisha. Uso umetoka mweusi, sauti imemezwa na mvua, na yote ina dakika nne na nusu. Nakutumia uitazame. Nianzie wapi kurekebisha? Na je, ninunue ile taa ya duara?

JIBU: Kamwene, mwalimu. Huku Iringa kwema, baridi tu.

Video yako nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza niliikata kwenye sekunde ya 15, nakwambia ukweli, maana hadi hapo nilishajua jina lako, mwaka uliozaliwa na chuo ulichosoma, lakini sijasikia hata sentensi moja uliyoitunga. Mara ya pili nikajilazimisha, na dakika ya tatu ikiwa imekatika ndipo nikakutana na hii: "Bibi alituachia migomba kumi na miwili na deni ambalo mdai wake hatumjui." Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Video yako ni hiyo. Anza nayo, hata salamu isitangulie.

Baada ya sentensi hiyo soma nyingine mbili au tatu za hadithi, ukatie pale mtu anapotaka kujua kinachofuata. Kisha jina lako, unaandika nini, na hadithi zinasomwa wapi. Basi. Chuo kiache kwenye wasifu wa kuombea kazi. Mimi huwapa waandishi sekunde 45. Ukisoma kwa utulivu, maneno 100 hivi hula dakika nzima, kwa hiyo una maneno 75 ya kutumia. Yahesabu kwenye karatasi kabla hujagusa simu.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo. Watu wanahangaika na picha, kumbe mtazamaji huvumilia picha yenye giza kuliko sauti yenye kelele. Najua kwa sababu niliumia. Niliwahi kumpandisha mshairi mmoja kwenye jiwe la Gangilonga jioni, mji wote wa Iringa uko chini yetu, jua linazama. Picha safi kabisa. Tulipofika nyumbani kusikiliza, upepo ulikuwa umesoma shairi zima na mshairi anaitikia kwa mbali. Tulichofanya: tukaingia kwenye gari lililoegeshwa, tukapandisha vioo, akasoma upya, nikaipachika sauti ile juu ya picha za mlimani. Kwa wahitaji wa studio ya bure, gari lililozimwa ni zuri ajabu, viti vyake hunyonya mwangwi.

Wewe fanya hivyohivyo: rekodi sauti peke yake. Mvua ya Tukuyu ukiisubiri ikatike utazeeka, na bati halina adabu. Kama gari halipo, subiri usiku mvua ikipumua, fungua kabati la nguo, jifunike blanketi zito kichwani pamoja na simu. Utachekwa na watoto, lakini sauti itatoka nene na ya karibu. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isiwe usawa wa pumzi, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati. Soma mara tatu. Mara nyingi ile ya pili ndiyo nzuri.

Ukiwa na sauti mkononi, picha ni rahisi. Piga vipande vya sekunde nne au tano: mkono wako ukiandika, daftari lililokunjika pembe, mgomba ukichuruzika maji. Mvua iliyokuharibia sauti sasa inakufanyia kazi. Kipande kimoja tu ndicho uonekane wewe, ukitazama lenzi.

Kwa kipande hicho, geuka. Uliligeuzia dirisha kisogo, simu ikapima mwanga wa nje na kukuacha gizani. Dirisha likutazame, kwa upande kidogo. Wingu la hapo kwenu Rungwe linalainisha mwanga kuliko kitambaa chochote cha kuchujia mwanga ninachomiliki. Tumia kamera ya nyuma, simu iegemee rundo la madaftari ya wanafunzi hadi lenzi ilingane na macho, kisha mtu mwingine abonyeze na kushikilia kwenye kioo pale uso wako unapoonekana, mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga kisibadilike. Usiku usipige chini ya taa ya tyubu: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na simu inayopiga fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde mara nyingi huambulia mistari inayotembea ukutani. Ukilazimika, weka fremu 25.

Simu isimame wima, video iwe pikseli 1080 kwa 1920. Maneno unayosoma yaandike kwenye video kwa mkono wako, maana wengi hutazama wamezima sauti. Yakae katikati, kwa sababu chini hufunikwa na vitufe. Na uyahariri! Mwandishi akikosea tahajia kwenye tangazo lake mwenyewe, nani atafungua hadithi? Ukihifadhi kwa megabiti 8 kwa sekunde, yaani MB 1, sekunde 45 zitakuwa MB 45 hivi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama video, isije ikabanwa ikafika na ukungu.

Taa ya duara usinunue. Unavaa miwani, na kwenye kila picha tutaona pete mbili nyeupe mahali pa macho yako. Hela hiyo kanunulie maiki ya kubana kwenye kola.