Kwa mnaoanza kusoma habari za vimada wa Versailles

Insha yangu ya kwanza juu ya Madame de Pompadour, kimada wa Louis XV, mfalme wa Ufaransa aliyekaa kasri la Versailles, ilirudi na neno "suria" limezungushiwa wino mwekundu kila lilipotokea. Pembeni mwalimu kaandika: "Na mumewe je?" Nilikuwa nimelichukua neno la Unguja nikalipeleka Ufaransa bila viza. Suria alikuwa mtumwa, na watoto aliomzalia sultani walikuwa watoto halali wa nyumba. Pompadour, jina lake la kuzaliwa Jeanne-Antoinette Poisson, alikuwa mtu huru wa Paris, tena mke wa mtu. Angemzalia Louis XV mtoto, angekuwa wa nje ya ndoa. Andikeni kimada, yaishe.

Kosa la pili ni kukimbilia kitandani. Mambo ya kitandani yalikoma kama mwaka 1750, naye akabaki Versailles hadi kufariki Aprili 15, 1764, akiwa na miaka 42. Miaka yote hiyo alikaa kwa lipi? Mkilishika swali hilo, mengine mtayapata njiani.

Mimi huwaambia wanaoanza waanzie kiangazi cha 1745. Mfalme yuko vitani, na huku Étiolles, nje ya Paris, bibi huyu anafundwa, kama mwali hasa. Somo wake ni Bernis, mshairi mwenye kanzu ya kikasisi: ukoo gani umeoana na upi, nani ana cheo gani, neno gani la mjini halitamkwi mbele ya wakubwa. Septemba 14 akapelekwa kwa malkia, chumba kimejaa watu waliokuja kumwona akiumbuka. Desturi ilikuwa malkia aseme mawili matatu juu ya gauni, basi. Malkia huyo, Marie Leszczyńska, akamuuliza habari za bibi mmoja wa Paris waliyemjua wote wawili. Ukarimu huo uliwakata maini wengi. Kisha mgeni ikambidi atoke kinyumenyume, mkia wa gauni akiusukuma kwa kisigino. Jaribuni nyumbani na shuka kiunoni, mimi nilianguka.

Halafu tafuteni ramani ya kasri mhesabu ngazi. Vyumba vyake vya kwanza vilikuwa juu darini, na ngazi ya faragha ikishuka kwa mfalme. Waliotaka cheo au pensheni walipanda huko wakihema. Yeye mwenyewe kifua kilimsumbua. Baadaye alihamia chini, vyumba vilivyokuwa vya jamaa wa mfalme. Aliyejua kusoma kasri alielewa: kitanda kimekwisha, heshima imepanda. Mwaka 1756 akateuliwa kumhudumia malkia yuleyule.

Mtakutana pia na mashairi ya kumkebehi, mengi yakichezea jina lake, maana Poisson ni samaki. Yanachekesha, ila msiyafanye ushahidi wa mwenendo wake. Ulizeni yalitoka kwa nani. Waziri Maurepas alishukiwa kuyaeneza, na Aprili 1749 mfalme akamfukuza kazi na kumtoa mjini.