Nyasi za magadi zikiota pamoja, zitachanganyika?

SWALI: Malisho yetu yako jirani na Amboseli. Kwenye udongo wa magadi kuna nyasi tatu zinazokaribiana kwa sura, zimeachana hatua chache tu. Muuza mbegu anasema ni nyasi moja inayobadilika kufuata udongo, na ataniletea chotara kutoka nje "aziunganishe" zote. Ninunue? (Mfugaji, Kajiado)

JIBU: Usinunue. Huyo muuzaji mwulize kama amewahi kuinama akatazama suke. Kila mwezi naletewa majani matupu, niyataje jina. Wengine huyalamba, wakionja chumvi wanadhani wamepima! Nyasi ya magadi iitwayo kisayansi Sporobolus spicatus hutoa chumvi majanini, na jamaa yake Sporobolus ioclados vilevile, kwa hiyo ulimi hauzitofautishi.

Spicatus hutambaa, ncha za majani yake huchoma kifundo cha mguu, na suke lake ni jembamba lililobana. Suke la ioclados limefunguka, vitawi vya chini vimechomoza pamoja kuzunguka bua. Kama ya tatu ni ile ndefu ya mashungi karibu na kinamasi, hiyo ni Sporobolus consimilis. Ikikosa maji itadumaa, lakini haitageuka spicatus. Itabaki consimilis yenye njaa.

Zinaishije jirani bila moja kuzimeza nyingine? Tofauti ndogo ya maji na chumvi inatosha. Spicatus hushika palipo na magadi makali. Magadi yakipungua, huzidiwa na zinazorefuka. Na chavua kumwangukia jirani si kuzaa: kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) zisipooana, mbegu haishiki, au mche hutoka tasa.

Nyasi ngeni ni habari nyingine. Nyasi zilizokulia mbali na mwenzake huenda hazina kizuizi hicho kabisa. Miaka ya 1970, Marekani, nyasi ya vinamasi vya chumvi, Spartina alterniflora ya pwani ya Atlantiki, ilipandwa kwenye Ghuba ya San Francisco. Ikazaana na Spartina foliosa ya pale, machotara hayakuwa tasa, yakazaana tena na wazazi wao, yakavamia matope ambako ndege wa pwani walikuwa wakitafuta chakula. Kuyaondoa kumekula miaka na fedha nyingi, na aliyeipanda ile ya Atlantiki alidhani anakarabati kinamasi.

Wewe zungushia ua kipande kimoja, acha nyasi zako zikomae, kusanya mbegu za kila aina ya suke peke yake. Na muuzaji asiyeweza kuandika jina la kisayansi kwenye risiti na kuonyesha kibali cha KEPHIS (shirika la serikali la kukagua afya ya mimea na mbegu), asishushe gunia shambani kwako.