Kibanja cha Baba Yako

Bukoba, Jumapili jioni

Mwanangu Koku,

Juzi uliponiuliza swali lile kwenye simu, nilikuambia mtandao unakatika. Haukukatika, mwanangu. Nilitaka muda wa kufikiri.

Uliuliza hivi: "Mama, wewe uliyetufundisha kuomba kabla hatujajua kusoma, siku ukoo ulipogawa kibanja cha tata, shamba la migomba la baba yetu, mbona ulinyamaza? Na mbona hadi leo unasali kanisa moja na watu wale?"

Ulikuwa na miaka tisa, mdogo wako mitano. Ilikuwa 1996, siku ya kuondoa matanga. Wanaume walikaa sebuleni juu ya nyasi, mimi karibu na mlango wa jikoni. Kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kikazungushwa, kila mmoja akachota punje mbili tatu, kikanifikia, nami nikachukua. Nilikuwa bado natafuna walipotamka: marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kibanja kinarudi kwenye ukoo, na mama wa watoto atatunzwa na watoto wake. Mzee aliyetamka hayo ndiye aliyesoma Zaburi kaburini siku chache kabla. Na kaburi lenyewe lilikuwa pale pale kwenye migomba, udongo wake haujakauka.

Wakaniuliza kama nina neno. Nikasema, "Mapenzi ya Bwana yatimizwe." Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema huyu mama ana imani kubwa.

Koku, maneno hayo ndiyo yananiuma kuliko kibanja. Sikuwa na imani saa ile, nilikuwa na woga. Nilihofia nikibisha watanichukulia na ninyi. Nikalitwaa jina la Bwana, nikaufunika nalo woga wangu, na watu wakanisifu. Nilibeba sifa hiyo miaka mingi kama mtu aliyevaa nguo ya wizi.

Lile neno kwamba "atatunzwa na watoto wake", nilidhani wazee walilitunga siku ile. Kumbe limeandikwa. Liko katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoorodhesha sheria za mila: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Wewe wa miaka tisa ungenitunza na nini? Na daftari zako za shule nani angezinunua?

Kwa Wakristo ipo sheria nyingine, ile ya Urithi ya India ya 1865, tuliyoachiwa na Waingereza. Humo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na watoto, wa kike kwa wa kiume, wanagawana theluthi mbili. Ugomvi ukifika mahakamani juu ya sheria ipi itumike, hakimu huangalia marehemu aliishi maisha gani na alikusudia nini. Aliishi kimila, au aliishi Kikristo? Fikiri swali hilo, mwanangu. Tata yako alibatizwa akiwa mchanga, akanivisha pete madhabahuni, akaimba besi kwenye kwaya mpaka wiki aliyolazwa. Wanaume waliokaa kwenye nyasi zile walikuwa mashahidi wa kila kitu hicho. Wengine waliimba naye mstari mmoja. Jumapili alikuwa ndugu yao katika Kristo. Alipokufa wakasema alikuwa Mhaya tu. Na mimi niliyelala naye, niliyejua alipiga magoti usiku akawaombea mabinti zake kwa majina, ndiye niliyepaswa kusimama nikasema maisha yake. Nilikuwa natafuna kahawa.

Unakumbuka chumba cha Kashai, hapa mjini, tulikohamia. Unakumbuka cherehani, na jinsi mlivyolala miguuni pake nikimalizia sare za watu. Usilolijua ni jinsi nilivyokutana na mabinti wa Selofehadi. Ilikuwa Alhamisi, kwenye kikundi cha akina mama, zamu yangu kusoma, Hesabu sura ya 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Wakaenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu hakuwa na mwana. Musa hakuwajibu kwa mila. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akamwambia mabinti hao wanasema lililo haki, wapewe. Sikuweza kumaliza kusoma. Jirani yangu alinipokea Biblia. Nilikuwa nimehudhuria ibada tangu utotoni na sikuwahi kusikia sura hiyo ikihubiriwa.

Sitakuficha kwamba mwishoni mwa kitabu hicho hicho, sura ya 36, wanaume wa ukoo wanarudi na kulalamika, na mabinti wanaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Kwa hiyo hata humo kwenye Biblia kikao cha ukoo kipo. Lakini ardhi waliyopewa haikurudishwa.

Halafu nikajua habari ya Holaria Pastory, mama wa mkoa wetu huu, wa Muleba. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akamshtaki kwenye Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, kwamba mwanamke hana ruhusa kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Hiyo ni miaka sita kabla tata yako hajafa! Kesi ilianzia wilaya ya jirani, na hakuna aliyenitajia, wala mimbarini wala kisimani. Hasira yangu kwa kanisa, kama unataka kuijua, iko hapo.

Unaniambia mila zetu ndizo mbaya, tuziache zote. Hapana. Nazipenda. Napenda msimu wa senene, watoto wakizikimbiza kwenye taa usiku. Napenda kwamba mtu wetu anazikwa kwenye migomba ya kwake. Ninachokataa ni kuambiwa mila haibadiliki. Nyarubanja nayo ilikuwa mila. Mtu analima, mtwazi, yaani bwana mwenye ardhi, anakuja kuchukua sehemu ya mavuno, na akitaka anamfukuza. Wazee wetu waliulalamikia mfumo ule, wakauita unyonyaji, na baada ya uhuru sheria ikaufuta. Hao hao waliofurahia kukombolewa ndio walioketi sebuleni kwangu wakasema mila ni mila.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 sasa inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Lakini hilo halikulifuta lile tangazo la 1963. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba lina ubaguzi, ila ikakataa kulibatilisha. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kosa la tarehe kwenye karatasi. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Nilisoma hayo nikawaza, kumbe kuna wanawake wasiosema "mapenzi ya Bwana yatimizwe" pasipo kuhakikisha kwanza kama ni mapenzi ya Bwana.

Kuhusu kubaki kanisani. Mzee aliyetamka uamuzi alikaa kiti cha mbele mpaka alipofariki, nami nilimwona kisogo kila Jumapili. Lakini wiki tuliyohamia Kashai, nani alikuja na mkungu kichwani? Akina mama wa kanisa lile lile. Nani alilipa ada yako ya muhula wa kwanza? Nikiondoka, ningewaachia wazee nyumba ambayo wanawake hao ndio walioibeba.

Siku hizi kikundi chetu kinaandika wosia. Tunaanza na wanandoa wakiwa hai, wazima, wote wawili mezani. Namwuliza baba: ukifa leo, ukoo watasema uliishi vipi? Wengine wanakasirika, wanasema ninawaombea mauti. Wengine wanarudi wiki inayofuata na kalamu.

Wangu nimeuandika pia. Kiwanja cha Kashai ni chenu wawili, sawa kwa sawa. Nilitafuta mashahidi, wa ukoo wangu na wasio wa ukoo. Wa ukoo ni mjomba wako. Asiye wa ukoo ni baba yako mdogo.

Ndiyo, huyo huyo aliyepewa kibanja. Hajakirudisha, na mwanawe amejenga pale. Hajaniomba msamaha. Nilimtumia ujumbe tu kwamba kwa mila mimi si wa ukoo wao, kwa hiyo anafaa kunishuhudia. Alikuja Jumanne na fimbo yake, akavaa miwani, akasoma majina yenu polepole, lako na la mdogo wako, kisha akasoma tena. Nilimwekea kahawa za kutafuna kwenye kisahani. Hakuzigusa. Akatia sahihi, akauliza kama bado naitunza ile picha ya tata na kwaya.

Nimempa nakala ya picha. Nakala ya wosia nitakupa ukija Desemba.

Mama yako