Kitabu kilekile kila usiku

Dada, umeuliza kama kumsomea mtoto kitabu kilekile usiku wa tano mfululizo kunamdumaza. Hapana, kunamsaidia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza (2011) uliona watoto wa miaka 3 waliorudiwa hadithi ileile ndani ya wiki wakishika maneno mapya mengi zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti, ingawa maneno yenyewe waliyasikia mara sawa. Akishaijua hadithi, akili inabaki huru kushughulika na neno geni.

Ila usiwe kasuku. Mara ya kwanza soma tu mpaka mwisho. Ya pili pitisha kidole chini ya maneno, na ukifika "sungura aka..." nyamaza, hesabu mpaka 5, amalizie mwenyewe. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu: wanajibu kabla mtoto hajafungua mdomo. Ya tatu uliza "kwa nini amekimbia?", siyo "hii nini?" peke yake.

Dakika 10 zinatosha. Akianza kuangalia pembeni, funga. Na herufi msomee kwa sauti inayotoa katika neno, "ba", siyo kwa jina lake la Kiingereza, "bi"; bi-ei-bi-ei haizai "baba".