Vifuko vya maji kwenye matumbo ya sungura mwitu

Umeuliza kuhusu vifuko vya maji vya ukubwa wa punje ya mbaazi, ambavyo mbwa wako alivifichua alipompasua sungura mwitu hapo shambani Malindi: yaelekea sana ni viluwiluwi (minyoo michanga) vya tegu wa mbwa, Taenia pisiformis, wala si ugonjwa utakaowaambukiza watoto nyumbani. Mbwa huacha mayai ya tegu kwenye majani pamoja na kinyesi chake. Sungura akiyala, viluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, hupita kwenye ini, kisha hutulia juu ya utando unaoshikilia matumbo, wakisubiri mbwa mwingine ale nyama hiyo mbichi. Nafuga sungura, na daktari wa mifugo alinionyesha vifuko vya namna hiyo hiyo.

Ingekuwa ni nyuzi nyeupe ndani ya utumbo mpana, ningetaja Passalurus ambiguus, mnyoo mwingine kabisa, usiomhitaji mbwa.

Mbwa aliyekwisha kula matumbo hayo apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, kwa kipimo cha daktari, na majani ya sungura wa kufugwa tafadhali yasikatwe mahali mbwa wanapozurura.